Wali wa Bi Rohana na Neno Langu Moja

Wenzangu wa idara, siku mliponikatia keki ya kustaafu mlitaka hotuba, nikawaambia sina. Sasa nimekaa nyumbani wiki sita. Mke wangu amenichoka. Juzi alinikuta nimeinama mbele ya friji yetu na tochi mkononi, akanipa daftari na kalamu, akasema, "Baba Mghoi, kaa pale dirishani uandike. Jiko langu lilishapita ukaguzi." Basi naandika. Vyeo na mishahara nitaviruka, maana ofisi ina makabati ya kutosha kwa mambo hayo. Nitaandika yale ambayo hayamo kwenye makabati.

Mnanijua kama Mwakio. Kwetu ni Taita, Kenya, na kabla ya kuja huku nilifanya kazi miaka kumi na minne mjini Voi kama Bwana Afya, yule mtu anayeingia hotelini na koti jeupe, na kila aliyemo jikoni anakumbuka ghafla kunawa mikono. Mke wangu ni muuguzi. Alipata kazi Minneapolis, nikamfuata nikiwa na vyeti vyangu ndani ya bahasha ya plastiki. Vyeti vile havikumshtua mtu. Nilianza kwa kuosha masufuria katika nyumba ya wazee huko Saint Louis Park, na nawaambia kweli, hakuna chuo kilichonifundisha ukaguzi kama sinki lile. Mwosha sufuria ndiye anayejua kilipikwa nini, lini, na nani alikiunguza akanyamaza.

Mtihani wa ukaguzi niliufanya mara mbili. Mara ya kwanza niliangushwa na vipimo vya Farenhaiti. Nilikuwa na Selsiasi kichwani, na kichwa cha mtu wa makamo hakibadilishi sarafu haraka.

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa Darlene. Wachache wenu mmemkuta. Alikuwa mwanamke mrefu, nywele za mvi zimekatwa fupi, mtoto wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka kaskazini. Alikula sandwichi ya jibini kila mchana ndani ya gari, kwa sababu, alivyosema, alishaona majiko mengi mno. Tuliegesha nje ya mkahawa wa kwanza akaniuliza, "Umebeba nini?"

Nikamwonyesha kipimajoto kipya, bado kimo kwenye boksi.

"Na tochi?"

"Sina. Si mchana?"

"Kipimajoto kitakwambia habari za leo," akasema. "Tochi itakwambia habari za wiki iliyopita." Akafungua droo ya gari akanipa yake ya akiba, nzito kama nyundo. Nimeitumia mpaka siku ya keki.

Darlene alinifundisha kuingia kwa mlango wa mbele, kusalimu, kisha kwenda moja kwa moja kunawa mikono mbele ya wote. Ukinawa wewe, utajua kama sabuni ipo, kama maji yana moto, kama karatasi za kufutia zimekwisha tangu jana. Hujauliza swali hata moja na tayari umeandika mistari mitatu. Alinifundisha pia kuchovya vikaratasi vya kupimia klorini kwenye ndoo ya dawa bila kuharakisha, na kutoamini kipimajoto cha mwenye nyumba. Huko Savage, karibu na mto, kulikuwa na kantini ya kiwanda ambayo friji yake ilisoma nyuzi thelathini na nane za Farenhaiti, baridi inayotakiwa, kila nilipokwenda, majira yote. Mara ya tatu niliingiza changu. Kile cha ukutani kilikuwa kimekufa siku nyingi, na mwenye kantini alikuwa amekipenda kilipofia.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa hili: "Mwakio, watu wakiugua, uliza saa kabla hujauliza chakula. Kila mtu atakwambia alikula nini, na kila mtu ana chakula anachokichukia. Saa haina chuki."

Somo hilo nililiandika kwenye jalada la daftari langu la kwanza. Miaka mingi baadaye nililisahau kwa siku mbili, na hizo siku mbili ndizo hasa nimekaa hapa kuziandika.

Katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi nilikabidhiwa jumba moja la maduka upande wa kusini, njia ya kwenda Lakeville. Lilikuwa la zamani: sakafu ya vigae vya kahawia, chemchemi ya maji katikati, taa za neoni zenye umbo la minazi katika mji ambao theluji hulala miezi mitano, na viti vya plastiki vya rangi ya chungwa vilivyofungwa kwa boliti kwenye meza. Nusu ya maduka yalikuwa yameteremsha shata. Hata hivyo watu hawakuacha kuja. Walikuja kukumbuka. Asubuhi wazee walizunguka na raba nyeupe, mizunguko minne, mitano, wakionyeshana: hapa ndipo tulipokutana, hapa mama alininunulia viatu vya shule, hapa palikuwa na duka la santuri. Nami, ambaye sikukulia huko, nilianza kulipenda jumba lile kama mtu anavyopenda picha za harusi ya jirani.

Ukumbi wa vyakula ulikuwa na mabanda manne tu yaliyo hai. Gary aliuza pizza. Alikuwa pale tangu chemchemi ilipofunguliwa. Kulikuwa na banda la vidakuzi, na banda la sharubati na vinywaji baridi. Na kwenye kona, ambako zamani waliuza viazi vya kuoka, alikuwa Bi Rohana.

Bi Rohana alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Melaka, kilemba chake kimefungwa vizuri na miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo. Alipika vyakula vya barabarani vya kwao Malaysia mbele ya macho ya watu. Nilipomkagua mara ya kwanza nilimwomba anitajie kila kilichomo, nikaandika, na kadiri nilivyoandika ndivyo kalamu ilivyopungua mwendo. Wali uliopikwa kwa tui. Dagaa wa kukaanga na karanga. Pilipili iliyosagwa na uduvi na ukwaju. Nyama kwenye vijiti, imelala kwenye manjano na mchaichai tangu asubuhi. Chapati aliyoirusha hewani mpaka ikawa nyembamba kama shuka, akaikunja, akaitupa kwenye kikaango. Voi si pwani hasa, lakini reli ilituletea nazi, na sikukuu kwetu zilinukia tui. Nilisimama pale, maili elfu kadhaa kutoka kwa mama yangu, nikinusa jiko lake likiongea Kimalay.

Akanipa kijiti kimoja cha nyama, moto unatoka.

"Samahani," nikasema. "Mkaguzi hali anapokagua."

"Sasa utajuaje kama ni kitamu?"

"Kazi yangu si utamu, bibi. Kazi yangu ni usalama."

Alinitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa. Nilimwandikia kosa moja: alifunga wali kwenye majani ya mgomba, vifurushi vidogo vidogo, akavipanga juu ya kaunta bila moto. Kwao hivyo ndivyo unavyouzwa. Nikamweleza kwamba sheria yetu inataka wali ukae kwenye nyuzi mia moja thelathini na tano za Farenhaiti au zaidi, la sivyo uandikwe saa ulipotoka motoni na umwagwe saa nne baadaye. Akakubali, akanunua sufuria la umeme la kutunzia joto. Tuliagana vizuri.

Desemba ya mwaka wangu wa tatu pale, Jumamosi moja, kwaya ya watoto kutoka kanisa la Lakeville ilikuja kuimba karibu na chemchemi. Baada ya kuimba walimwagika kwenye ukumbi wa vyakula. Jumatatu simu zilianza kulia ofisini: watoto wanatapika, wazazi wanatapika, mwalimu wa kwaya amelazwa ametundikiwa maji. Jumanne asubuhi nilikuwa mlangoni mwa jumba na mkoba wangu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Niliingia nikiwa na jibu tayari. Mzazi wa kwanza kunipigia alikuwa amesema, "Ni kile chakula cha ajabu cha kwenye kona," na wa pili naye alisema hivyo, na mimi, niliyekulia wali wa nazi, nilikwenda moja kwa moja kwenye kona. Niliingiza kipimajoto kwenye sufuria la wali. Nyuzi mia moja na nne tu, badala ya mia moja thelathini na tano. Waya wa sufuria ulikuwa umelegea kwenye ukuta. Moyo wangu ukasema, haya basi, tumemaliza. Najua wali wa vuguvugu unavyoweza kumlaza mtu. Nilichukua sampuli kwenye mifuko safi, nikaagiza wali umwagwe, nikalifunga banda na kubandika karatasi.

Wali ule ulistahili kumwagwa. Banda halikustahili kufungwa, si kabla sijapita kwenye mabanda mengine, na si kabla sijauliza saa.

Bi Rohana hakubishana. Aliuliza tu, "Watoto wanaendeleaje?"

Nilipokuwa nafunga mkoba, Gary aliinama juu ya kaunta yake akaninong'oneza, "Ni wali, siyo?"

Na mimi nikajibu, "Sitashangaa."

Neno moja. Nililisema kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake. Gary si mtu mbaya. Alimwambia mwenye vidakuzi, mwenye vidakuzi akawaambia wazee wenye raba nyeupe, na wazee wale walikuwa na mizunguko minne ya kulitangaza.

Kabla sijatoka, mwanamke aliyekuwa anafuta meza alinifuata akisukuma ndoo yake. Huyu alikuwa Mama Furaha, mkimbizi kutoka Uvira, Kongo, aliyefanya usafi katika ukumbi ule. Tulikuwa tumeshagundua kitambo kwamba tunaelewana kwa Kiswahili, ingawa kila mmoja wetu alidhani ni cha mwenzake ndicho kilichopinda.

"Papa," akasema, "weye unaangaliaka wali tu. Na glasi, ulishaangalia?"

"Nitaangalia, mama," nikasema, maana nilikuwa na haraka.

Jumatano nilikaa ofisini nikiwapigia simu wazazi. Hapo ndipo lile jalada la daftari liliponitazama. Nilikuwa nawauliza walikula nini. Baada ya simu ya tano nikasita, nikaanza upya na kuuliza: mtoto alianza kutapika saa ngapi? Jumapili jioni. Jumapili usiku. Jumatatu alfajiri. Walikula Jumamosi mchana. Wali ulioharibika hauwi na subira hiyo. Humkamata mtu kabla hajafika nyumbani. Kinachochelewa siku nzima kumkamata mtu ni kitu kingine, na mara nyingi kimetoka mkononi mwa mgonjwa. Nikauliza tena: mtoto wako alikula kwenye kona? Wengi hawakula. Wengi walikula pizza, na vidakuzi, na wengine hawakula chochote.

Nilikwenda kwa Darlene, ambaye wakati huo alikuwa msimamizi wetu, nikamweleza. Alisikiliza huku anakunja karatasi ya sandwichi yake mara nne.

"Kwa hiyo uliuliza saa siku ngapi baadaye?"

"Siku mbili."

"Na banda limefungwa?"

"Limefungwa."

"Rudi," akasema.

Alhamisi asubuhi nilimtafuta Mama Furaha. "Mama, ulinitajia glasi. Nimeangalia ukumbi mzima. Hapa hakuna glasi hata moja, watu wote wanakunywa kwa vikombe vya karatasi."

Alinitazama, akaegemea fagio lake la maji, akacheka mpaka machozi. Kisha akanishika mkono wa koti akanivuta hadi nyuma ya banda la vinywaji, akafungua kifuniko cha sanduku la chuma. "Glasi, Papa! Ile ya baridi! Ile mnawekaka mu jus!"

Barafu. Kwao Kifaransa kimeipa barafu jina ambalo sisi tumeipa bilauri. Nilisimama nikitazama barafu ile kama mtu aliyetukanwa na kamusi.

Akaacha kucheka. "Siku ya posho, ule mutoto wa kike mwenye kuuzisha jus alikuwa mugonjwa. Alitapika mu toilette mara mbili. Miye mwenyewe nilisafisha. Kisha akarudi kuchota ile glasi na mikono. Nilimuambia aende nyumbani. Akasema hawezi."

Siku ya posho ni Jumamosi. Na kila mtoto wa kwaya, awe alikula pizza, kidakuzi au wali, alikuwa amekunywa kitu cha baridi baada ya kuimba.

Msichana wa vinywaji alikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimkalisha kwenye kiti cha rangi ya chungwa nikamuuliza polepole. Alilia. Alisema alikuwa ameambiwa kwamba asiyekuja zamu ya Jumamosi atafute mtu wa kumshikia, na hakumpata. Nami nawaambia, katika kazi hii mtamkuta msichana huyo mara nyingi. Msimkaripie. Mwandikieni mwajiri wake. Nilimwandikia, barafu ikamwagwa yote, sanduku likasuguliwa kwa dawa, na majibu ya maabara yakaja kusema kile Mama Furaha alichosema Jumanne. Wali wa Bi Rohana ulirudi safi.

Ijumaa niliondoa karatasi yangu kwenye banda lake kwa mkono wangu mwenyewe. Nikadhani nimemaliza.

Wiki mbili baadaye nilipita. Ilikuwa saa sita na nusu mchana, ukumbi una watu, na mbele ya kona hapakuwa na mtu hata mmoja. Bi Rohana alikuwa amesimama nyuma ya kikaango kilichozimwa, anafuta kaunta iliyokuwa tayari inang'aa. Bibi mmoja mwenye raba nyeupe alikuwa anamwambia mgeni wake, kwa sauti ya kusaidia, "Kila kitu hapa ni kizuri, ila wali wa pale usiuguse. Hata mkaguzi alisema."

Nilikwenda kwanza kwa Gary. "Gary, nilikosea. Haukuwa wali. Kilikuwa ni kitu kingine kabisa, na kimeshashughulikiwa."

"Najua," akasema. Alionekana ana aibu. "Nimewaambia watu. Lakini unajua, habari ya kwanza inakimbia, ya pili inachechemea."

Kisha nikaenda kwenye kona. Nimefunga majiko ya watu wakubwa, nimetukanwa kwa lugha sita, nimefukuzwa na mbwa wa mwenye mkahawa. Sikuwahi kuogopa kaunta kama ile.

"Bi Rohana, uvumi huu ulitoka kwangu."

Alikuwa ameanza kupiga donge la unga. Hakuacha. "Ulisema nini?"

"Gary aliniuliza kama ni wali. Nikamwambia sitashangaa."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Akalirusha donge, likafunguka hewani, akalidaka. "Ile karatasi yako ya kufunga niliielewa," akasema. "Wali ulikuwa wa vuguvugu, ni kosa langu, waya ulilegea sikuangalia. Karatasi ina sababu, ina sahihi, na siku ya kutoka ilitoka. Hili neno lako nitalitoa vipi ukutani?"

Nikasema, "Nisamehe."

"Usiniombe msamaha na hicho kipimajoto mfukoni," akasema. "Njoo siku ambayo huna."

Nilitoka nikakaa ndani ya gari, dirisha limeganda barafu, nikaelewa polepole alichokuwa ananiambia. Jumatatu nikamuuliza Darlene kama mkaguzi anaweza kula mahali anapokagua ikiwa ni siku yake ya mapumziko na amelipa kama watu wengine.

"Anaweza kula popote," akasema. "Lakini ukila pale kwa makusudi ya watu wakuone, umeshachagua upande. Faili la jumba lile halitakuwa lako tena. La banda lile wala la mengine."

Nililipenda jumba lile. Nilikuwa nimelikagua kwa miaka mitatu na nilijua kila bomba. Nikaenda kabatini, nikachukua faili, nikaliweka juu ya meza yake. Alilipokea. Kisha akafungua droo akanipa nusu ya sandwichi yake, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla na halikutokea tena.

Jumamosi hiyo nilivaa sweta ya Krismasi ambayo mke wangu alininunulia na nilikuwa nimeapa kutoivaa. Nilikwenda na mke wangu, binti yetu Mghoi aliyekuwa na miaka kumi na tano, na familia mbili za kanisani kwetu. Mama Furaha alikuwa zamu. Nikamwomba apange mapumziko yake ya saa sita tule pamoja. Tuliunganisha meza kadri boliti zilivyoruhusu, katikati kabisa ya ukumbi, chini ya mnazi wa neoni.

Bi Rohana aliniona. Alinitazama mifukoni. Kisha akawasha kikaango.

Nilimwambia atuletee kila kitu. Vijiti vya nyama vilikuja kwanza, na mchuzi wa karanga mzito wa kuchovya. Mke wangu aliuma kimoja akafumba macho. "Hii ni mishkaki," akasema. "Mishkaki iliyoolewa na watu wenye uwezo." Zikaja chapati na bakuli la mchuzi wa dengu, mke wangu akazifunua tabaka kwa tabaka kwa ncha za vidole, akitafuta siri, akasema zake hazina tofauti ila huyu mama ana mikono ya haraka. Kisha vifurushi vya majani ya mgomba. Nikafungua changu. Mvuke ulipanda na harufu ya tui na ya yale majani marefu ya kijani anayoyafunga fundo ndani ya sufuria. Wali mweupe, nusu ya yai, vipande vya tango, dagaa wakavu wanaovunjika kwa sauti, karanga, na kijiko cha pilipili nyekundu iliyokolea pembeni. Nilichanganya kwa mkono, kama inavyopaswa. Pilipili ile huanza na utamu wa ukwaju, inakuacha umeze, umshukuru Mungu, ndipo inapokuja. Nilitoa jasho hadi kwenye sweta.

Mama Furaha aliokota dagaa mmoja akamwinua kwenye mwanga wa neoni. "Ndakala!" akasema. "Hawa ni ba ndakala ba kwetu! Walifika huko namna gani?" Akasahau mapumziko ni ya dakika ngapi.

Mghoi alijibu kila swali kwa Kiingereza, kama kawaida yake, huku amemaliza sahani yake na anavuta ya mama yake. Chai ya kuvuta ilikuja mwisho: Bi Rohana aliimwaga kutoka kopo moja la juu hadi jingine la chini, utepe mrefu wa chai ya maziwa bila kupoteza tone, na watoto wa kanisani wakaacha simu zao kumtazama. Nao hawakuwa peke yao.

"Leo uko off," mke wangu akaniambia kwa sauti ya chini, "lakini unaangalia kule kwenye friji yake."

"Ni mazoea."

"Kula."

Ndipo yule bibi mwenye raba nyeupe alipokuja na mumewe, akasimama kando ya meza yetu. Alinitazama, akaitazama sweta. "Samahani. Wewe si yule bwana wa kipimajoto?"

"Ndiye mimi."

"Na unakula hapa?"

Gary alikuwa ameacha kukata pizza. Nikasema kwa sauti ya kutosha kuvuka ukumbi, "Mama, nilisema neno la kijinga kuhusu wali huu, na halikuwa kweli. Haukumwumiza mtu. Mimi nimekula vifurushi viwili na huyu ni binti yangu."

Bibi aliinamia sahani zetu. Mumewe, ambaye sikuwahi kumsikia akiongea miaka yote mitatu, akauliza, "Hiyo ya kwenye vijiti ni ya nini?"

"Kuku na ng'ombe," nikamwambia. "Anza na kuku."

Wakaenda kwenye kona wakajipanga. Wawili si foleni, lakini mtu wa tatu akiwaona huwa anadhani ni foleni. Gary alivua aproni yake akawa wa nne. Sitawadanganya kwamba ukumbi ulisimama kupiga makofi. Watu walikula tu, wengine walipita. Ilimchukua Bi Rohana hadi majira ya kuchipua kurudisha wateja wake, na wengine hawakurudi kamwe. Tulipokuwa tunaondoka niliosha mikono yangu kwenye sinki la wateja, nikaenda kumuaga. Nilianza tena kusema nisamehe, akanikatiza kwa kunipa kifurushi cha kwenda nacho, akapokea bei yake kutoka kwangu mpaka senti ya mwisho, akasema, "Karibu tena. Kama mteja."

Faili la jumba lile alipewa Hodan, binti ambaye wakati huo ndiyo kwanza anamaliza mwaka wake wa kwanza nasi. Sikumwambia chochote kuhusu banda la kona, wala yeye hakuniuliza. Nilikuwa nakula pale mara moja kwa mwezi.

Mwaka uliofuata, siku moja mchana, simu yangu ililia nikiwa barabarani. Ni Bi Rohana, na amekasirika.

"Huyo binti wenu ameniandikia kosa! Mpira wa mlango wa friji umepasuka kidogo, hivi, upana wa kidole. Wewe ungeandika?"

"Ningeandika."

"Hata baada ya wali wote ule?"

"Hata baada ya wali wote ule, Bi Rohana. Nunua mpira."

Alivuta pumzi. Nikamuuliza, "Gary anasemaje?"

"Gary? Gary hajui chochote. Alimwuliza yule binti mbele yangu, kuna nini kwa Rohana leo? Binti akamwambia, nakutakia mchana mwema, akachukua mkoba wake akaenda." Nikamsikia anacheka kwa chini, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu kabla ya Desemba ile. "Aliniambia mimi peke yangu, akaandika, akaondoka."

"Basi shukuru," nikamwambia. "Umepata mkaguzi aliye bora kuliko mimi."